Hatua Themanini Nilizopunguza

Koti la kuwindia la Papa lilinifikia ndani ya mfuko wa karatasi wa dukani, limekunjwa kwa nne, na kabla sijalikunjua pua ilishanirudisha Hässelby, ghorofa ya tatu, kwenye korido nyembamba kati ya jiko na mlango wa nje. Ndakala. Wale samaki wadogo wakavu ambao Mama huwakaanga na nyanya mpaka jirani wa juu afungue dirisha na jirani wa chini afunge lake. Chini ya ndakala, kwa mbali, mafuta ya bunduki. Koti limefuliwa mara nyingi tangu enzi zile, lakini harufu zilikuwa bado mbili. Nikanusa tena kuhakikisha. Mbili.

"Papa yako anasema mwenye cheti cha kuwinda sasa ni weye," Mama aliniambia kwenye simu. "Mimi sina neno. Nilikuwa natafuta tu nafasi kabatini."

Nyinyi wa rika langu mliokulia huku kwa Waswidi mnaikumbuka kazi yetu ya kwanza: ukalimani usio na mshahara. Tulikaa katikati kwa daktari, benki, ofisi ya kodi, na hata kwenye mikutano ya shule ambako mwalimu alikuja kutusema sisi wenyewe, na sisi wenyewe tukatafsiri. Mimi nilitafsiri kwa punguzo. Mwalimu akisema naongea mno darasani, Papa alisikia kwamba nashiriki sana darasani. Nilikuwa mtoto wa kupunguza. Mama akisema osha vyombo vyote, tulianza mazungumzo kwenye vyote tukaishia kwenye vikombe na sahani, masufuria yakabaki kwa kaka yangu ambaye hakujua kuongea bei. Nikiambiwa nirudi saa kumi na mbili, nilisema saa moja, tukakutana saa kumi na mbili na nusu, na mlangoni nilifika na dakika zangu tano za nyongeza.

Nasema haya mapema ili mjue mnasoma habari za nani.

Papa alikuwa anasafisha maofisi Kista. Wahandisi waliochelewa kutoka walipenda kuzungumza naye, na wote walikuwa na swali moja: huko kwenu, ulipokuwa mdogo, mlikuwa mnawinda? Papa alikuwa mwalimu wa jiografia Bukavu, mjini kabisa. Nyama aliijua ikiwa imeshakatwa na kufungwa kwenye gazeti. Msitu kwake palikuwa mahali ambapo watu wenye bunduki walitokea, na mtu mwenye akili hakuufuata. Lakini swali lilirudi na kurudi, na nadhani siku moja alichoka kulijibu hapana. Akajiandikisha kwenye kozi ya uwindaji.

Mama alimuuliza anatafuta nini. Alikuwa anakata sombe, majani yetu ya muhogo, hakuinua kichwa.

"Kitu kimoja," Papa alisema. "Nchi hii kila mahali nimesindikizwa. Kwa daktari, mtoto ananisindikiza. Benki, mtoto. Kununua suruali, mtoto anasema Papa hiyo hapana. Nataka kitu kimoja nikifanye mimi mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, kisha nikuletee."

"Basi lete mkate," Mama alisema. "Umekwisha."

Kitabu cha kozi kilikuwa kinene na cha Kiswidi, kwa hiyo, mnakisia, mtoto akasindikiza. Kila jioni baada ya shule nilimwuliza maswali mezani. Alikosa miezi ya msimu, akakosa nyayo, akachanganya ndege hata wale ambao hawaruhusiwi kuguswa. Swali moja tu hakulikosa hata siku moja, nikalichoka kwa sababu hiyo. Mnyama amesimama mbele yako. Kabla hujapiga, unatazama nini?

"Nyuma yake," Papa alijibu. "Nyuma yake kuna nini."

"Na lazima kuwe na nini?"

"Udongo. Wa kukamata risasi."

"Na kama si udongo?"

"Sipigi."

"Hata akiwa karibu?"

"Hata akinisalimia."

Alifaulu mtihani mara ya pili. Kanisani wakampigia makofi, kisha ukazuka ubishi wa mnyama mwenyewe, yule mdogo wa miguu myembamba na makalio meupe ambaye Waswidi humwita rådjur. Mtanzania mmoja alisema ni paa, Mkenya akasema ni swala, na mama mmoja wa Bujumbura akasema ni mbuzi aliyekosa malezi. Papa akachagua paa. Akatangaza mbele ya wote kwamba kabla ya Krismasi watamla. Sikumtuma mimi kutangaza.

Karatasi alikuwa nayo, bunduki alikuwa nayo, mahali hakuwa napo. Huku huwezi kuingia msituni ukapiga tu. Ardhi ina mwenyewe. Wawindaji wa huku wana vikundi vyao, na kuingia humo unahitaji mtu wa kukuingiza, ndiyo kusindikizwa tena. Mwisho mfanyakazi mwenzake akakumbuka shangazi yake, mzee mmoja aitwaye Gunvor, mwenye shamba nje kidogo ya Upplands Väsby. Paa walikuwa wanakula tulipu zake na machipukizi ya mitufaa. Tukaenda. Mama alikuwa amenionya nisithubutu kumwita bibi yule kwa jina tupu kama Waswidi wanavyofanya, kwa hiyo nikamwita Bibi Gunvor, kwa Kiswahili, katikati ya sentensi za Kiswidi, na yeye akaitika kama vile ameitwa hivyo maisha yote.

Alitaka paa mmoja apungue. Akatupa mpaka mwisho wa Oktoba. Tukishindwa, jirani yake Lennart na kikundi chake walikuwa wanaomba ruhusa ile tangu zamani.

"Anasema nini?" Papa aliuliza.

"Ngoja, bado naongea bei."

Nikamwomba mpaka Krismasi. Akasema Oktoba. Nikasema Papa anafanya kazi siku tano, Jumapili ni ya kanisa, ana Jumamosi tu. Akasema Lennart ana wiki nzima. Nikasema Lennart hatampa paja zima la nyuma, sisi tutampa, na Papa atamfungia nyavu kwenye mitufaa bila malipo. Akanitazama miwani ikiwa imeshuka puani.

"Kesho yake ya Jumapili ya kwanza ya Adventi nawasha mshumaa wa kwanza," alisema. "Jumamosi ile ndiyo ya mwisho. Akileta, ruhusa ni ya baba yako mwaka hata mwaka. Asipoleta, ya Lennart."

"Kesho yake au siku yake?" niliuliza.

Akacheka, akakiri kwamba amechanganya: Adventi, yale Majilio ya kanisani, huanza Jumapili, mwisho wetu ni Jumamosi iliyotangulia. Tukapeana mikono. Jumamosi saba. Nilizihesabu kwenye kalenda ya jikoni kwake, nikazihesabu tena nyumbani. Papa alinipa mkono pia, kwa heshima kama mtu mzima, na mimi nikajua kwamba mapatano yale ni yangu. Akifaulu tumefaulu wawili. Akishindwa, nimeshindwa mimi.

Na alishindwa kwa njia ambazo hazimo kwenye kitabu.

Mnara wa kuwindia ulikuwa kibanda cha mbao juu ya miguu minne, pembeni ya malisho ya zamani. Ukikaa ndani ulitazama majani mafupi, na ng'ambo yake mteremko wa udongo mwekundu ambapo zamani walichimba kokoto. Kulia kabisa, mbali na mteremko, kulikuwa na jiwe kubwa kama gari. Jumamosi ya kwanza tulifika kabla hakujapambazuka vizuri, Papa na risasi zake tano, mimi na chupa ya chai na chapati kwenye mfuko wa plastiki. Paa wawili walitoka. Nikafungua mfuko. Paa wawili wakaondoka.

Jumamosi ya pili hatukufungua kitu, hata midomo. Paa mmoja alitoka, akainua pua, akabweka kama mbwa, ndiyo, wanabweka, akatoweka. Bibi Gunvor alitukaribisha kahawa, akamsogelea Papa, akanusa bega lake.

"Samaki?" aliniuliza.

Koti lilikuwa linaning'inia koridoni karibu na jiko. Mama alifanya anachofanya mama yeyote akiambiwa nyumba yake inanuka: alilifua kwa sabuni mpaka Jumamosi ya tatu tukakaa mnarani tunanukia kama maharusi. Hakuja hata ndege.

Ya nne ndiyo inayoniuma. Paa alikuwa pale, ubavu wazi, udongo nyuma yake. Papa alikuwa ameshika bunduki begani tayari. Lakini Papa ni mtu wa kanisa, hakati hata mkate bila kuomba. Akanong'ona, Bwana tunakushukuru kwa kiumbe hiki, amina. Alinong'ona vizuri, hata mimi sikumsikia yote. Neno la mwisho nililisikia. Na mimi nimelelewa nyumba ambamo amina haiachwi hewani peke yake.

"AMINA!" niliitikia.

Tulitazama yale makalio meupe yakiruka ukuta wa mawe, moja, mbili, tatu, kwisha.

"Angalau umeitikia," Papa alisema, akishusha bunduki.

Ya tano mvua. Ya sita walikuja wanne kwa mpigo, Papa akiwa chini nyuma ya mti, suruali imefunguliwa. Kila tukirudi garini nilihesabu risasi. Tano. Nilihesabu tena, labda moja imepigwa bila mimi kusikia. Tano. Kanisani walianza: "Mwindaji! Paa wako hajambo?" Papa alijibu, "Hajambo, anakusalimia," na watu wakacheka, naye akacheka, na mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa nimepatana kwa mdomo wangu na mtu mzima. Nilikuwa nimetoa paja ambalo hatukuwa nalo.

Asubuhi ya Jumamosi ya saba, tukiwa chini ya mnara, pumzi zinatoka kama moshi, nikafungua mazungumzo.

"Papa, tunakaa kama watu wanaosubiri basi."

"Kuwinda ni kukaa."

"Si wote. Wengine mmoja anapita nyuma, anapiga kelele, paa wanatoka wenyewe."

"Hao ni watu wakubwa. Wako kumi."

"Mimi nina kelele za watu kumi. Na sufuria ya Mama, nimekuja nayo."

Hilo hakulikataa. Alitazama mteremko, akatazama jiwe, akatazama saa. Naona sasa kwamba hakupaswa kukubali, na naona pia kwamba ilikuwa siku ya mwisho na mimi ndiye niliyekuwa nauza.

"Bon. Sikiliza," alisema, akachuchumaa ili macho yetu yawe sawa. "Kutoka geti la malisho unafuata ukuta wa mawe kwa nje. Hatua mia mbili, zako, si zangu. Unafika jiwe kubwa. Tulishapita pale pamoja, unalijua. Unakaa nyuma ya jiwe, unagonga sufuria mara tatu, basi. Hutoki mpaka nije kukuchukua mwenyewe. Mimi napiga kwenye ule udongo tu. Upande wa jiwe siugusi hata kwa macho. Na vesti huvui."

"Mia na hamsini?"

"Mia mbili."

"Mia na themanini, na vesti nafunga vizuri."

Akaniita jina langu la ubatizo, lote. Nikachukua sufuria.

Sasa, vesti. Ilikuwa ya rangi ya machungwa, kubwa, kama ya mafundi wa barabara. Na chini yake nilikuwa nimevaa koti jipya la zambarau lenye manyoya shingoni, koti nililopigania wiki tatu, na kulifunika niliona dhambi. Getini, Papa alipokuwa anapanda ngazi ya mnara, nikaivua nikaisokomeza mfukoni. Kisha nikaanza kuhesabu. Majani yalikuwa na umande wa barafu, buti la kushoto lilikuwa linavuja. Thelathini. Sitini. Tisini. Kwenye mia na ishirini ukuta ulikuwa umebomoka kidogo, na miti ya mireteni iliachana ikaacha mwanya kama dirisha. Kutoka pale malisho yote yalionekana. Nyuma ya jiwe ningeona jiwe. Jumamosi sita nilikuwa nimetazama bega la Papa; ya saba nilitaka kuona.

Mia na ishirini na mia mbili, nikajiambia, tofauti ni ndogo. Nikaingia mwanyani, nikagonga sufuria mara tatu.

Alitoka kichakani mkono wangu wa kushoto, karibu mno, nikasikia kwato. Aliruka mpaka katikati ya malisho na pale akasimama. Ubavu wake wote kwa mnara. Niliona mvuke ukimtoka puani. Niliona ng'ambo yake dirisha la mnara, na kwenye dirisha kijiti cheusi, kikitoka, kikitulia. Piga, Papa, nilisema bila sauti. Sasa. Nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Paa alinyoosha sikio moja, kisha la pili. Tano. Sita. Nilikitazama kile kijiti moja kwa moja na nilikuwa nimekasirika tu. Tisa. Kumi. Kwenye kumi na moja kijiti kikainuka taratibu kikaelekea mawinguni, na kwenye ukimya ule nikasikia chuma kikigonga chuma, klak, kidogo kama mlango wa kabati. Paa alikwenda zake, hata hakukimbia.

Nikakimbia mimi. Nilimkuta Papa ameketi kwenye kidato cha chini cha ngazi, bunduki imefunguliwa kando yake, risasi zote tano kwenye kiganja. Mikono ilikuwa inamtetemeka mpaka risasi zinagongana.

"Alikuwa amesimama!" nilipiga kelele. "Nimehesabu mpaka kumi na moja! Mtu kipofu angempiga!"

"Ulihesabu hatua ngapi?" aliuliza.

"Mia mbili."

"Mia mbili," alirudia. Kisha: "Vaa vesti yako."

Nikaona anatafuta kosa langu ili afiche lake. Sikuivaa. Akaitoa mwenyewe mfukoni mwangu, akanivalisha, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni, na ilimchukua muda mrefu kwa sababu vidole havikumtii. Baridi, nilifikiri. Kisha nikamtazama usoni nikafikiri, si baridi. Ni woga. Papa wangu anaogopa kupiga mbuzi.

Jikoni kwa Bibi Gunvor kinara cha Adventi kilikuwa mezani, mishumaa minne haijaguswa. Aliuliza ilikuwaje, mbona hakusikia mlio. Papa alinitazama nitafsiri. Na mimi, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu ya ukalimani, sikupunguza kitu, niliongeza. Nikasema kwa Kiswidi, nikiwa nimemtazama yule mzee na si Papa:

"Paa alisimama. Papa aliogopa."

Nilisahau jambo moja. Miezi yote ile ya kitabu mezani, maneno hayo nilimfundisha mimi. Papa aliweka kikombe chini, akajibu mwenyewe, kwa Kiswidi chake cha polepole, bila kunisubiri.

"Ndiyo," alisema. "Niliogopa."

Bibi Gunvor alimtazama, akatazama vesti yangu iliyofungwa mpaka kidevuni, akanitazama mimi kwa muda. Alinikatia keki, kipande kikubwa kuliko cha mtu aliyeshindwa. Wiki iliyofuata ruhusa ilikwenda kwa Lennart.

Papa hakuwinda tena. Bunduki iliondoka nyumbani, sikuuliza ilikwenda wapi. Kanisani alisema macho yake yamezeeka, na waliendelea kumwita mwindaji kwa miaka, kama mtu mrefu anavyoitwa kifupi. Mimi nilipokuwa nimemkasirikia, na msichana wa miaka kumi na tatu hukosa sababu mara chache, nilikuwa na neno moja nililoliweka akiba: mwoga. Nililitumia mara mbili. Zote mbili alitoka chumbani, na zote mbili nilidhani nimeshinda.

Sijui kwa nini nami nilikwenda kusomea cheti. Nadhani ni deni la Jumamosi saba, mtu anayepigania kila kitu hapendi jambo libaki wazi. Nilifaulu mara ya kwanza na nikahakikisha Papa anajua kwamba ni mara ya kwanza. Bibi Gunvor siku hizi yuko makao ya wazee, Lennart magoti yamemwisha, na binti wa Gunvor alipoulizwa kuhusu ruhusa alisema, "Wewe ni yule wa paja la nyuma?" Ndiyo, nikasema, na ofa bado ipo.

Kwa hiyo vuli hii nilipanda ngazi ile, peke yangu, na koti lenye harufu mbili. Mnara umebadilishwa mbao, malisho ni yaleyale. Kabla ya kuweka risasi niliinua bunduki nijizoeze, nikaweka jicho kwenye darubini, nikapima mteremko wa udongo kutoka kushoto kwenda kulia kama kitabu kinavyosema. Udongo. Udongo. Kisha majani. Mireteni miwili imeachana, katikati mwanya, na chini ya mwanya kipande cha ukuta kilichobomoka.

Mwanya ulikuwa mbele ya udongo. Katikati yake hasa. Jiwe kubwa lilikuwa kule kulia, mbali, salama kama kanisa.

Nilishusha bunduki. Nikashuka ngazi nikaenda getini, nikatembea kwa hatua fupi kufuata ukuta, nikihesabu kwa sauti kama mwehu. Mwanyani, mia na ishirini. Jiweni, mia mbili kasoro moja. Nikarudi getini nikaanza upya. Mia na ishirini. Mia mbili kamili. Papa alikuwa amepima vizuri.

Kisha nikapanda tena na kutazama mara ya pili, kwa sababu nilitaka kujua aliona nini. Duara la darubini, kwa umbali ule, lina nafasi ya paa mmoja. Na nyuma ya paa, nafasi ya mtoto. Kwa koti la zambarau lenye manyoya shingoni ungeona mpaka midomo yake ikisema piga.

Ningependa kuwaambia nililia. Nilikasirika. Nilikaa pale juu nimekasirika mpaka miguu ikafa ganzi. Kwa nini hakusema? Neno moja tu, pale ngazini: ulikuwa nyuma yake. Ningelia, ningekoma, ningefunga mdomo jikoni kwa watu. Lakini kila nilipolipanga lile neno lilitoka baya. Angelazimika kumwambia binti yake, nilikuona ndani ya darubini hii. Mtu aliyetoka kwao ili kitu kama hicho kisimpate mtoto wake, alikuwa amekishika mwenyewe, kidole kikiwa pale pale. Alipima bei mbili, akachukua ile ya kuitwa mwoga, na mtoto wake mwenyewe, kwa lugha aliyofundishwa na mtoto huyohuyo. Na hakuomba punguzo.

Paa nilimpata wiki ya tatu. Sitawachosha. Nilipeleka paja moja kwa Bibi Gunvor, ambaye alilishika mapajani kama mjukuu akasema limechelewa, na lingine Hässelby.

Mama alilipika na nyanya na ndimu, akalalamika kwamba halina mafuta. Tukaketi watatu, ugali katikati. Papa aliomba, sisi tukaitikia kwa sauti kamili. Kisha hakugusa chakula. Alikuwa anatazama sahani, mikono juu ya magoti.

"Nyuma yake kulikuwa na nini?" aliuliza.

"Nyuma ya nani tena?" Mama alisema.

"Udongo, Papa."

"Udongo mtupu?"

"Mtupu. Nilitazama mara mbili."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu anayesikiliza jibu lote mpaka mwisho. Nilikuwa nimejitayarisha kusema mengi. Nilikuwa nimeyapanga kwenye treni, stesheni kwa stesheni. Yalitoka haya:

"Kutoka getini mpaka kwenye jiwe ni mia mbili kweli. Siku ile niliishia mia na ishirini."

"Najua," Papa alisema.

"Mnahesabu nini nyinyi?" Mama aliuliza. "Chakula kinapoa."

Papa alivuta bakuli karibu. Alichagua kwa makini, akageuza, akachagua tena, akaniwekea kipande kikubwa kuliko vyote. Nikashika kisu, nikakigawanya, nikaanza kumrudishia nusu. Akaweka mkono wake juu ya sahani yangu. Ulikuwa umetulia kabisa.

"Hapana," alisema. "Leo hakuna kupunguza. Kula."